Kupima madini kwenye mate: mwongozo wa anayeanza, kutoka chupa hadi namba

Kila msimu wa riseji ukifika maswali ni yaleyale. Nitumie chupa gani kukusanyia mate? Yanakaa kwenye friji siku ngapi? Nimepata zinki imepanda kupita kiasi, mgonjwa wangu ana shida gani? Na jibu la hilo la mwisho mara nyingi ni kwamba mgonjwa hana shida yoyote, zinki ni ya glavu zako. Kwa hiyo naandika yote sehemu moja, wewe wa mwaka wa mwisho wa maabara, wa meno, wa lishe, au tekinishani uliyepewa kazi na bosi bila maelezo, fuata hapa mwanzo mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote ateme mate.

Naongelea madini yale ya kiasi kidogo sana mwilini, zinki, shaba, chuma, manganizi, seleniamu, na yale mabaya kama risasi na kadimiamu. Sodiamu, potasiamu na kalsiamu zipo nyingi kwenye mate na hazikusumbui hivi, hizo ni habari nyingine.

Kwanza ujue mate yanaweza kukwambia nini

Nadharia nitaweka kidogo tu maana bila hii utaharibu hitimisho la ripoti yako. Mtu mzima anatoa mate kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, zaidi ya asilimia 99 ni maji, na hayo madini unayoyatafuta yamo kwenye kile kilichobaki kidogo. Tunapenda mate kwa sababu hayachomi sindano, mtoto hakimbii, na unaweza kukusanya shuleni au kijijini bila mtoa damu.

Lakini kwa sasa mate hayajakubalika kuwa kipimo cha kumwambia mtu mmoja mmoja "wewe una upungufu wa zinki" au "wewe umeathirika na risasi". Ukitaka kujua zinki ya mtu unapima plazma ya damu, na hata hiyo unaisoma pamoja na kipimo cha inflamesheni (mwili unapopambana na maambukizi au jeraha) maana mtu akiwa na maambukizi zinki ya plazma inashuka yenyewe. Risasi ni damu, hakuna mjadala. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema mtu akiwa na maikrogramu 5 kwa desilita ya damu au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Hakuna namba ya namna hiyo kwa mate. Wale watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri walipimwa damu, na kesi yao ilivyoamuliwa mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ushahidi wa mate tu usingewafikisha popote.

Sasa mate yanafaa wapi? Yanafaa kulinganisha kundi na kundi, na yanafaa pale ambapo mdomo wenyewe ndo eneo la tukio. Mfano wanaotafuna tambuu, kuberi na gutka. Popoo ina shaba nyingi, na shaba inahusishwa na ule ugonjwa wa mdomo kukakamaa mpaka mtu hawezi kuufungua vizuri, kwa hiyo kupima shaba kwenye mate ya watafunaji wa Unguja au Mombasa na kuwalinganisha na wasiotafuna ni swali zuri kabisa. Waliofungwa waya za kunyoosha meno nao, nikeli na kromiamu zinaweza kutoka kwenye chuma na kuingia kwenye mate. Wavuta sigara na kadimiamu. Kabla hujaanza, andika swali lako kwenye karatasi, likiwa linahitaji jibu la mtu mmoja badilisha uende kwenye damu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kibali cha maadili. Tanzania bara ni chuo chako na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), Zanzibar ni ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar), Kenya ni kamati ya maadili ya taasisi yako na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Kama sampuli zitapimwa nje ya nchi kuna mkataba wa kusafirisha sampuli, uanze nao mapema mno, usisubiri mate yajae friza.
- Fomu ya ridhaa kwa Kiswahili cha kueleweka. Watoto wanahitaji saini ya mzazi na wao wenyewe wakubali.
- Chupa ndogo za plastiki za polipropilini zenye mfuniko wa plastiki wa kuzungusha, mililita 15 au 50. Sio za glasi. Sio zile za damu zenye kizibo cha mpira, mpira una zinki.
- Asidi ya naitriki ya daraja la kupimia madini, na nyingine ya kawaida ya kuoshea tu. Haidrojeni peroksaidi kama utameng'enya sampuli, yaani kuipasha na asidi mpaka iyeyuke yote.
- Maji ya maabara yaliyosafishwa mpaka megaom 18.2 (ndo kipimo cha usafi wake). Maji ya kunereshwa kwenye mtungi wa shaba wa zamani usiyaguse.
- Glavu zisizo na unga.
- Mizani ya kusoma hadi gramu 0.01, saa ya kuhesabu dakika, kalamu isiyofutika, mifuko ya zipu, kisanduku cha baridi na barafu.
- Uhakika wa mashine. Hili watu wanaliacha mwisho. Nenda kaongee na maabara KABLA, uliza wanapima madini gani, kiwango cha chini wanachoweza kusoma ni kipi, wanahitaji mililita ngapi na bei kwa sampuli moja.

Kuhusu mashine kwa kifupi. AAS ni mashine inayopima madini kwa mwanga yanaoufyonza. AAS ya moto inatosha kwa zinki, na shaba kwa kubahatisha bahatisha. Risasi na kadimiamu kwenye mate ni kidogo mno, moto hauzioni, unahitaji AAS ya tanuri la grafaiti au ICP-MS (mashine inayotenganisha madini kwa uzito wa atomu zake). Mwanafunzi anayesema atapima risasi ya mate kwa AAS ya moto amejiandalia jedwali lililojaa "haikuonekana".

Hatua kwa hatua

1. Osha chupa kwa asidi. Hata kama zimetoka mpya kwenye paketi. Tengeneza asidi ya naitriki ya asilimia 10, mililita 100 za asidi nzito ndani ya mililita 900 za maji, na ni asidi inayomiminwa kwenye maji, sio maji kwenye asidi, tafadhali, na ufanyie kwenye kabati la kuvuta hewa ukiwa na miwani. Loweka chupa na mifuniko yake masaa 24. Suuza kwa maji ya maabara mara tatu au nne, zikaushe zimeinamishwa kwenye sehemu isiyo na vumbi, funga, tia kwenye mifuko ya zipu. Usikaushe kwa kitambaa wala tishu.

2. Pima chupa tupu na uiandike. Kila chupa na uzito wake, andika kwa kalamu ubavuni. Utaona faida yake kwenye hatua ya 7. Usibandike karatasi baada ya kupima, uzito unabadilika.

3. Andaa blanki. Blanki ni chupa inayopita kila kitu ambacho sampuli imepita ila ndani ina maji ya maabara. Unahitaji za aina mbili. Ya kwanza ya maabara, inabaki maabara. Ya pili ya uwanjani, unaibeba mpaka kijijini, unaifungua mshiriki anapofungua yake, inakaa wazi dakika zilezile, unaifunga, inarudi kwenye barafu pamoja na zingine. Weka moja ya uwanjani kwa kila washiriki kumi hivi. Siku ambayo zinki yako itapanda bila sababu, hii chupa ya maji ndo itakayokwambia kama ni mate au ni vumbi la barabara.

4. Mwandae mshiriki tangu jana yake. Mpe maelekezo ya maandishi au mpigie simu. Asile, asinywe chochote isipokuwa maji, asivute, asitafune kitu wala kupiga mswaki kwa angalau saa moja kabla, mimi napendelea masaa mawili. Dawa zingine za mswaki zina zinki, na floraidi ipo karibu zote. Vidonge vya kunyonya vya mafua vingi vina zinki. Gundi za meno ya bandia zingine zina zinki ya kutosha hadi watu waliozitumia kupita kiasi wamewahi kuharibika mishipa ya fahamu, maana zinki ikizidi inakimbiza shaba mwilini. Lipstiki ifutwe. Uliza na uandike haya yote kwenye fomu, pamoja na dawa anazotumia, maana za presha na za sonona zingine zinakausha mdomo.

Alafu uliza maji anayokunywa. Nyumba nyingi zinakinga mvua kwenye mabati, na bati limepakwa zinki, kwa hiyo maji ya bati yana zinki kuliko ya bomba. Mtu akijisukutua na hayo dakika tano kabla ya kutema umemaliza kazi. Chukua maji ya kusukutulia wewe mwenyewe kutoka maabara, beba kwenye madumu safi ya plastiki.

5. Chagua muda mmoja na ung'ang'anie. Mate hayatoki sawa siku nzima, usiku yanakaribia kukauka na mchana yanaongezeka. Chukua saa 3 hadi saa 5 asubuhi kwa kila mtu. Usiwachukue wa mjini asubuhi na wa kijijini saa 9 alasiri kisa gari lilichelewa, alafu uje useme wa kijijini wana shaba ndogo. Ramadhani ni bora uipishe kabisa kama ratiba inaruhusu. Midomo ni mikavu, wengi hawataki kusukutua na maji wakiwa wamefunga, na hawajakosea.

6. Asukutue, asubiri. Maji ya maabara, sekunde 30, ateme, arudie mara moja. Kisha akae kimya dakika 10. Wengi wanaruka hii ya kusubiri, matokeo yake wanakusanya maji ya kusukutua yaliyochanganyika na mate.

7. Kukusanya kwenyewe. Mwambie akae, ainamishe kichwa mbele kidogo, mdomo uwe wazi nusu, mate yajikusanye chini ya ulimi yadondoke yenyewe kwenye chupa. Asivute kutoka kooni. Hapa ndo kuna kichekesho na kilio, maana ukimwambia mtu "tema mate" kwenye kituo cha afya amezoea kupimwa kifua kikuu, anajikohoa mpaka anakuletea kohozi zito. Hilo sio mate, limetoka kwenye mapafu, linaziba pipeti (mrija wa kunyonyea sampuli), na kama ana TB umejiweka hatarini bure. Muoneshe kwa vitendo. Sema "acha yadondoke kama mtoto anayeota meno", wamama wote wanaelewa papo hapo.

Washa saa anapoanza, zima anapomaliza. Dakika 5 hadi 10, unalenga mililita 3 au zaidi. Funga, futa nje, pima uzito. Toa uzito wa chupa tupu, gramu moja ihesabu mililita moja, gawa kwa dakika. Hiyo ndo kasi ya mate. Kwa mtu mzima mwenye afya asiyetafuna kitu ni kama mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika. Chini ya 0.1 huyo ana mdomo mkavu wa kitabibu, muandike pembeni na mshauri amuone daktari wa meno.

Pamba na sponji zile za kunyonyea mate, achana nazo kwenye madini. Zinatumika kwa baadhi ya homoni, ila pamba inaachia zinki na inashika madini mengine. Na usimpe ndimu wala bigijii ili mate yatoke haraka, ukisisimua mate yanakuwa mepesi na namba inashuka. Kama lazima usisimue basi wote wasisimuliwe kwa kitu kimoja, usichanganye.

8. Angalia damu. Weka chupa mbele ya karatasi nyeupe kwenye mwanga. Upinki wowote, hata uzi mmoja, sampuli imekufa, andika na urudie siku nyingine. Sio ushamba huu. Zinki nyingi ya damu imo ndani ya chembe nyekundu, chuma hivyohivyo, na risasi ya damu karibu yote ipo humo, kwa hiyo tone dogo la fizi iliyochubuka linaweza kuzidi madini yote ya mate yako. Ndo maana pia ukilinganisha wenye ugonjwa wa fizi na wasio nao bila kudhibiti damu, unachokipima ni kutokwa damu. Ukiwa na bajeti kuna vifaa vya kupima transferini (protini ya damu) vinavyokamata damu isiyoonekana kwa macho. Ukiwa huna, angalau daktari wa meno akague fizi na uandike hali yake.

9. Barafu, kisha friza. Iingie kwenye kisanduku cha baridi papo hapo. Siku hiyohiyo iingie friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kama itakaa miezi tafuta ya 80 chini ya sifuri. Mate yakilala kwenye joto bakteria wanakula protini na harufu yake utaikumbuka. Kama kazi ina vipimo vingi gawa kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha, kugandisha na kuyeyusha mara nyingi kunafanya ute ugandamane chini na kuondoka na madini.

10. Amua: mate mazima au ya juu tu. Ukiyeyusha utaona mabonge mabonge chini. Ukizungusha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili mazito yashuke chini) ukachukua ya juu, umeacha madini yaliyoshikana na seli na ute. Usipozungusha, pipeti inaziba. Njia zote mbili zinatumika, ila andika umetumia ipi na usilinganishe namba zako na za mtu aliyetumia nyingine. Ushauri wangu kwa anayeanza: tikisa vizuri, chukua mate mazima, uyameng'enye kwa asidi.

11. Meng'enya. Chukua mililita 2 za mate, ongeza mililita 1 ya asidi ya naitriki safi, acha kidogo mpaka povu litulie, pasha kwenye bloku ya joto kama nyuzi 95 hadi iwe wazi na rangi ya manjano imeisha, ni kama saa moja mpaka mbili. Acha ipoe. Ndo uongeze peroksaidi mililita 0.5 kwa matone, ukiimwaga yote kwa pamoja inafurika na sampuli iko mezani. Pasha tena kidogo, poza, jaza maji mpaka mililita 5. Blanki zako zote zipite njia hiyohiyo na asidi ileile. Kama maabara ina ICP-MS wanaweza kukwambia zimua tu mara kumi kwa asidi ya asilimia 1, wasikilize wao.

12. Pima na udhibiti ubora. Standadi (vimiminika vyenye kiasi cha madini unachokijua) ziwe kwenye asidi ya kiwango kilekile na sampuli. Zinki isomwe kwenye nanomita 213.9, shaba 324.8. Mate ya rejea yenye namba za madini zilizothibitishwa ni adimu, kwa hiyo watu wengi wanatumia mkojo au seramu ya rejea kama Seronorm, pamoja na spaiki: chukua mate yaleyale, ongeza kiasi unachokijua cha zinki, pima, uone umepata asilimia ngapi ya ulichoongeza. Kati ya 80 na 120 endelea. Nje ya hapo simama. Pima blanki angalau kumi, tafuta mtawanyiko wake (standard deviation), zidisha mara 3, hicho ndo kiwango cha chini unachoweza kudai umekiona. Mara 10 ndo kiwango unachoweza kukiandika kama namba.

13. Piga hesabu. Tuseme mashine imesoma maikrogramu 40 kwa lita, blanki ni 6. Inabaki 34. Ulichukua mililita 2 ukajaza hadi 5, kwa hiyo zidisha kwa 2.5, unapata 85 kwa lita ya mate. Huyu mtu alitoa gramu 2.8 kwa dakika 8, yaani mililita 0.35 kwa dakika. Mililita moja ina maikrogramu 0.085, mara 0.35, ni kama maikrogramu 0.03 kwa dakika. Ripoti zote mbili, ya ujazo na ya kwa dakika. Mtu mwenye mdomo mkavu anaweza kuonekana ana zinki nyingi kwa lita kumbe kwa dakika anatoa kidogo kuliko mwenzake.

Madini matatu yasiyotaka njia hii

Floraidi. Watu wa Arusha, Meru na bonde la ufa mnaniuliza sana hii na mna haki, meno ya kahawia mnayaona kila siku. Floraidi haipimwi kwa AAS, inapimwa kwa elektrodi yake maalum pamoja na kimiminika cha kusawazisha pH iwe kwenye 5 hadi 5.5 hivi. USIWEKE asidi ya naitriki humo, na chupa iwe plastiki, sio glasi. Na ujue floraidi ya mate inaonesha alichokunywa na alichopigia mswaki karibuni, haioneshi alikunywa nini akiwa na miaka mitatu meno yalipokuwa yanajengeka. Kwa historia hiyo kamwangalie meno, na kapime maji ya kisima chake ulinganishe na miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kupikia nayo yaulize.

Zebaki. Inapotea hewani na inajibandika kwenye plastiki, kwa hiyo ukimeng'enya kwenye chupa wazi umeifukuza. Kwa wachenjuaji wa dhahabu wa Geita au Chunya wanaochoma zebaki, kipimo cha maana ni mkojo, na kwa ya kwenye samaki ni nywele au damu. Mate yatakuletea habari za mijazo ya fedha ya meno, ambayo nayo ina zebaki, kuliko za mgodini.

Aiodini. Tezi za mate zinaikusanya kwa makusudi kwa hiyo ipo ya kutosha, lakini ukiiweka kwenye asidi inaruka, inahitaji njia ya alkali. Kama huna mtu wa kukuongoza kwenye hiyo, pima mkojo kama wanavyofanya wengine wote.

Yakikukwama

*Zinki imepanda kwa kila mtu.* Angalia blanki ya uwanjani. Nayo imepanda? Tatizo ni glavu, chupa, maji au vumbi. Glavu za latex na hata za nitrile zinatengenezwa kwa zinki, kwa hiyo zisuuze kwa maji ya maabara na usiguse mdomo wa chupa kwa ndani hata kwa bahati mbaya. Blanki iko safi? Rudi kwenye maji ya kusukutulia na dawa ya mswaki.

*Zinki imepanda kwa mtu mmoja au wawili tu.* Fungua fomu zao. Meno ya bandia, vidonge vya zinki, fizi zinazotoka damu. Usimfute mtu kwenye data kwa sababu tu hakupendezi, mfute kwa sababu uliyoiandika kabla.

*Blanki ya maabara ndo chafu.* Asidi. Umeoshea na kumeng'enyea kwa chupa moja ya asidi ya kawaida, au mtu ameingiza pipeti chafu kwenye asidi nzuri. Anza chupa nyingine.

*Chuma hakieleweki, mara juu mara chini.* Vumbi jekundu. Ukusanyaji usifanyike chini ya mwembe kandokando ya barabara ya udongo, ingia darasani, funga madirisha.

*Spaiki inarudi asilimia 60.* Povu lilifurika, au ute haukumeng'enywa ukashika madini, au mate yanazuia mnyunyizio kwenye mashine. Jaribu kuizimua sampuli mara mbili zaidi. Ikirudi vizuri basi tatizo lilikuwa uzito wa mate.

*Aseniki imepanda kwenye ICP-MS.* Mate yana kloraidi, kloraidi ikiungana na agoni ya mashine inasomeka kama aseniki, maana zote zina uzito wa 75. Waombe watumie seli ya kuondoa mwingiliano huo.

*Mshiriki hatoi mate.* Mpe muda, mwambie afikirie embe bichi na chumvi bila kumpa. Dakika 15 zikipita bila kitu, mshukuru, andika kasi yake, muache aende. Usimlazimishe akwangue ulimi.

*Namba zangu hazifanani na za makala niliyosoma.* Hazitafanana. Ukisoma makala mbalimbali za zinki ya mate utakuta zinatofautiana mara nyingi kabisa, kwa sababu huyu alitumia pamba, yule alisisimua, mwingine alizungusha sentrifuji. Wewe linganisha wagonjwa wako na kundi lako la kulinganishia, lililokusanywa na mikono yako, saa zilezile, kwa chupa zilezile.

*Mshiriki anataka majibu yake.* Hili wengi hawajajiandaa nalo, na mama aliyempeleka mtoto wake atauliza tu. Mwambie ukweli tangu kwenye ridhaa: hiki kipimo ni cha utafiti, hakisemi mtoto wako mzima au mgonjwa. Usimwandikie vidonge vya zinki kwa sababu ya mate. Lakini kama umeambiwa baba anavunja betri za gari nyumbani na mtoto anacheza hapohapo, usisubiri mashine, mpe rufaa akapimwe risasi kwenye damu wiki hiyohiyo, na betri zitoke uani leo.